Jiwe Juu ya Pipa

Jumatano iliyopita, saa mbili asubuhi, Rehema alinipigia simu kuniambia kwamba baba yake ametutoka. Kabla sijamaliza kusema inna lillahi, akaongeza kwamba bomba la kwao halijatoa maji tangu juzi, na kwa kuwa mimi nina tangi, je, ningeweza kuwapelekea ndoo tano au sita za kumwoshea marehemu? Aliyasema haraka haraka, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeona haya kuomba kitu kidogo wakati wa jambo kubwa. Nikamwambia nakuja, mwanangu, nakuja sasa hivi. Kisha nikakaa kwenye sakafu ya uani, mgongo nimeuegemeza kwenye tangi langu. Zuhura binti yangu alidhani ni huzuni. Huzuni ilikuwepo, lakini haikuwa hiyo iliyonikalisha chini.

Mimi naishi Mkomaindo, mtaa wa nyuma ya hospitali, na kazi yangu ni kutengeneza mashine za kusaga, pampu za maji na jenereta. Watu wananiita Mama Zuhura Fundi. Wageni wakija Masasi huletwa kunitazama, mwanamke mzima, mikono imejaa oili, anafungua injini na kuifunga. Wakiniuliza nani alinifundisha, nasema Fundi Nambole, kisha nawauliza kama wamekunywa chai. Fundi Nambole mwenyewe, ambaye jirani zake tulimwita Baba Rehema, alikaa mitaa minne tu kutoka kwangu akitengeneza baiskeli chini ya kibanda cha makuti, na kwa zaidi ya miaka thelathini nilimpitia pale nikamwamkia, "Shikamoo Baba Rehema," naye akanijibu, "Marahaba, hujambo wewe wa maji mengi?" Nikasema sijambo, nikapita. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu yote, miaka thelathini na ushee.

Jina hilo la maji mengi alinipa mwaka nilipokwenda kukaa Newala kwa mama yangu mdogo. Kwetu ni Chiungutwa, na habari za kwetu naziacha, maana hazina ajabu yoyote. Niseme tu kwamba Chiungutwa, ukitaka maji, unachukua ndoo unakwenda, unarudi, uji haujachemka. Mama mdogo, aliyeitwa Mama Shaibu ingawa huyo Shaibu alikwisha hamia Mtwara, aliishi peke yake katika kijiji cha ukingoni mwa uwanda wa juu, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Newala mjini, na aliomba apelekewe mtu wa kumsaidia. Nilikuwa na miaka ishirini, sijaolewa, na mdomo wangu ulikuwa mrefu. Siku ya kwanza niliamka, nikanawa uso kama nilivyozoea, nikamwaga maji uani. Mama mdogo alisimama mlangoni akatazama ile alama ya maji inavyokauka kwenye mchanga. Hakunigombeza. Alisema, "Hayo uliyomwaga, mwanangu, nimeyapandisha kwa magoti yangu haya," akayapiga.

Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili na sebule, na katika vyumba vyote kitu kilichoheshimiwa kuliko kitanda kilikuwa mtungi. Ulikaa pembeni ya sebule, umefunikwa sahani ya bati, na kikombe kilichotundikwa juu yake kilikuwa kimoja tu. Nikajifunza sheria zake. Maji ya kuoshea kunde ndiyo yataoshea vyombo, yaliyooshea vyombo yatakwenda kwenye mche wa mpapai, na kuoga ni kopo moja na kitambaa. Jioni tulikula ugali wa makopa, ule wa mhogo mkavu uliosagwa, kwa kisamvu au mbaazi, na msimu wa ming'oko, vile viazi vya porini, ukifika tulikula ming'oko, kisha tunalamba vidole vyema ili maji ya kunawa yasichafuke sana, kwa sababu yalikuwa na kazi nyingine mbele yake. Kiangazi kilipokolea na mashimo ya saruji ya kuvunia mvua yakakauka, wanawake waliteremka bondeni alfajiri wakarudi jua la utosi, ndoo kichwani, wakipanda ule mteremko kimya kwa sababu kuongea kunamaliza pumzi. Mimi niliteremka mara ya kwanza nikicheka, nikapanda nikilia.

Mashine ya kusaga ilikuwa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Ilikuwa mali ya ushirika wa kijiji, imeletwa zamani, enzi za kila kitu kuwa chetu, na ukutani pake rangi ya buluu ilikuwa bado inasema KUJITEGEMEA NDIYO UHURU. Neno hilo nililisoma kila siku mwaka mzima, na nilikuja kugundua kwamba wakubwa hulitumia pale tu wanapokuwa hawana cha kukupa. Zamani vipuri vilitoka mkoani. Mwaka ule ilikuwa ni ruksa: ruksa kuuza, ruksa kununua, ruksa kuvaa viatu vya Ulaya, na mkoani walipoandikiwa kwamba nozeli, ile ya kupulizia dizeli, imechoka na ringi za pistoni zimekwisha, walijibu kwa barua fupi yenye mhuri mkubwa kwamba vijiji sasa vijitafutie. Fundi Nambole aliisoma barua ile mbele yetu, akaigeuza akatazama nyuma kama kuna lolote, kisha akaikata gasketi, ile ya kuziba maungio ya injini. Nasema kweli. Karatasi ilikuwa nyembamba, haikufaa, lakini alitaka kuijaribu. Gasketi ya kudumu aliikata kwenye boksi la sabuni akaipaka oili.

Alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye macho ya kucheka na mdomo usiocheka. Mashine yake yote ilikuwa viraka. Mkanda ulikuwa tairi la lori alilolichana akalishona kwa waya. Kichujio cha hewa kilijazwa dodoki lile la kuogea, linatolewa kila Ijumaa na kukung'utwa. Dizeli ilichujwa kwa kipande cha kanga kuukuu ya mkewe. Nilipeleka makopa ya mama mdogo, nikasimama kumtazama anavyozungusha hendeli, nikauliza kwa nini amefunga kile kimkono cha juu kabla ya kuzungusha na si baada. Wanawake wengine waliguna. Yeye akaacha kazi, akanitazama.

"Wewe ni wa wapi?"

"Chiungutwa, Baba Rehema."

"Ndiyo maana. Wa maji mengi mna nafasi ya kuuliza maswali. Hawa wa hapa wanawaza safari ya bondeni tu. Njoo kesho, ukamate hendeli mwenyewe, uone kama itakuvunja mkono."

Haikunivunja. Baada ya mwezi nilikuwa nawasha peke yangu, na baada ya miezi mitatu pipa lilikuwa langu. Hapa nieleze, maana kila kitu kimekaa kwenye pipa hili. Injini zile za zamani zilipozwa kwa maji. Nje ya kibanda lilisimama pipa kubwa, na mabomba mawili yaliliunganisha na injini, moja chini, moja juu. Maji ya baridi yanaingia kwa bomba la chini, yanapata moto, yanarudi pipani kwa bomba la juu, na hivyo yanazunguka yenyewe bila kusukumwa na mtu. Lakini yakishuka chini ya lile bomba la juu, mzunguko umekatika, hata kama nusu pipa nzima imejaa. Na Newala maji hushuka, kwa sababu moto unayala. Sasa utalijaza kwa nini, mahali ambapo watu wanalamba vidole? Fundi alitunga sheria yake: kila anayeleta makopa kusaga, alete na kopo moja la maji. Kopo moja tu, ulimwagie pipa. Wanawake walilalamika wiki moja, kisha wakazoea, na wakawa wanatania, "Nimemletea mume wenu uji wake." Kazi yangu ilikuwa kupokea makopo yale, kuangalia kina, na kuweka alama. Jiwe likikaa juu ya mfuniko, maji yametosha, washa. Jiwe likikaa chini, usiguse hendeli. Fundi aliniambia, "Mimi nikishaona jiwe juu siulizi tena. Pipa ni lako."

Fundi mmoja wa Masasi aliyepita siku moja kutusalimia alilitazama pipa, akachovya kidole, akashangaa. "Njomba, maji haya masafi hivi? Mwagia oili chafu humo. Kiangazi hiki watakuibia wayanywe." Baba Rehema alikunja uso kana kwamba ametukaniwa mama. "Nimwagie maji oili?" alisema. "Mimi niliyeoshwa kwa kopo tangu kuzaliwa? Toka hapo." Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakaitikia wote, na mzee mmoja akasema maji yakichafuliwa makusudi hujibu. Yule wa Masasi alicheka akaenda zake. Hakuna mtu wa uwandani ambaye angeweza kuinua chupa ya oili chafu akaimimina kwenye maji masafi, mkono ungekataa. Nimefanya kazi hii miaka yote hii, na kila pipa la mteja wangu nalitia oili siku ya kwanza, bila kumuuliza.

Alinifundisha pia kusikia. Aliniambia nifumbe macho, kisha anaharibu kitu kidogo: anapunguza dizeli, analegeza mkanda, anaziba hewa kwa kiganja. Nilipaswa kutaja ugonjwa. Nikikosea anasema, "Hebu tena." Sauti ya njaa ya dizeli ni ya kukatika katika. Sauti ya mkanda ni mluzi. "Na joto?" nilimwuliza. Joto hakuweza kunionyesha bila kuiua, kwa hiyo aliniigizia kwa koo, sauti nzito, kavu, ya kukwaruza, na mapigo yanachelewa. "Ukisikia hivyo, kimbia ukakate dizeli. Usiulize mtu. Hesabu mia moja. Ikifika mia moja haijakatwa, pistoni imeng'ang'ania na hatuna nyingine." Tulirudia mpaka mama mdogo akaniambia nyumbani kwamba nakoroma kwa sauti ya mashine.

Nyakati zile maneno yalikuwa yanapita barazani. Bwana mmoja mwenye duka Newala mjini, aliyekuwa akinunua korosho baada ya kuruhusiwa, alitaka kuleta mashine yake mpya kijijini kwetu. Mara mbili nilimsikia akiongea na Mwenyekiti wa kijiji nyuma ya kibanda, mimi nipo ndani napaka mkanda nta. "Hiki kichuma chenu kinawaaibisha," alisema. Mwenyekiti akajibu, "Bado kinasaga. Kikisaga nitawaambia nini watu?" Ndipo nilipoelewa kwamba kila asubuhi ile injini ya viraka ilipokohoa ikakubali, ilikuwa inamzuia mtu. Nilimwambia Fundi. Akafuta mikono. "Basi na isaige tu," akasema kwa ile lafudhi yake, na tukacheka.

Mwezi wa kumi, mabibo yananuka mashambani na wingu halipo hata la kusingizia, nozeli ilichoka kabisa. Fundi alipanda lori Alhamisi kwenda Masasi kutafuta, akaniachia ufunguo. Pipa lilikuwa limejaa, jiwe juu. Usiku ule ule mama mdogo, ambaye alikuwa na homa siku ya tatu, alizidiwa, na alfajiri ya Ijumaa akafa mkono wake ukiwa kwenye kanga yangu. Naliandika kwa mstari mmoja kwa sababu hata siku yenyewe ilikwenda hivyo. Wazee waliamua azikwe baada ya sala ya Ijumaa. Wanawake wa kuosha walifika, mkubwa wao Bi Mwanaidi, wakauliza maji. Mtungi wetu ulikuwa na makopo manne. Majirani wakaleta, huyu kibuyu, huyu nusu ndoo, kila mtu akikwangua chini ya chombo chake, na nawaambia hakuna aliyenyima. Haikutosha. Kuteremka bondeni na kurudi ni mpaka alasiri. Bi Mwanaidi alisema kwa upole kwamba hali ikiwa hivyo sheria inaruhusu kumtayamamisha marehemu kwa mchanga. Kwa mchanga! Mwanamke aliyepandisha maji miaka yote ile kwa magoti yake!

Nilichukua ndoo mbili nikazunguka nyuma ya nyumba. Nilifungua kile kibomba cha chini cha pipa, nikajaza, nikarudi, nikaenda tena, na tena. Ndoo sita. Nilifunua mfuniko nikatazama: maji yalikuwa yameshuka chini ya bomba la juu kwa kiganja kizima. Nililijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote pale kijijini isipokuwa mmoja. Nikajiambia, mashine imefungwa, nozeli haipo, Jumatatu makopo yataingia. Nikafunika, na mkono wangu, kwa mazoea ya miezi, ukaokota jiwe ukaliweka juu. Bi Mwanaidi aliniuliza maji yametoka wapi. Nikasema nimepewa na watu waliotoka bondeni. Mama mdogo akaoshwa mara tatu, maji tele, na yalikuwa masafi, isipokuwa harufu kidogo ya kutu ambayo hakuna aliyeitaja.

Kwa kawaida yetu, mfiwa wa karibu hukaa ndani, juu ya mkeka, amefunikwa kanga, wenzake wamemzunguka, na hatoki ila kwa haja. Jumamosi jamaa zangu walifika kutoka Chiungutwa, watu wengi, na unga ukaisha. Saa sita mchana nilisikia sauti ya Baba Rehema nje akiwapa pole wanaume. Nozeli ameipata. Akamtuma mwanamke mmoja ndani kwangu, naye mwanamke akainama akanisemea sikioni: "Baba Rehema anasema pole sana. Anasema usihangaike, utulie na msiba wako, makopa ya matanga atayasaga mwenyewe. Na anasema ya msiba hayana kopo." Nilifungua mdomo. Ilikuwa ni kusema tu, mwambie aangalie pipa. Lakini Bi Mwanaidi alikuwa amekaa goti kwa goti nami, na wanawake wote waliokwangua mitungi yao walikuwa mle ndani, na nikaona wataelewa papo hapo: maji ya mashine, maji ya wote, nimeyaiba, nikamdanganya mwosha maiti. Nikaona pia watasema Mama Shaibu amezikwa na maji ya wizi. Nikasema, "Mwambie nashukuru."

Ilikubali kwa hendeli ya pili. Nozeli mpya iliifanya iimbe vizuri kuliko nilivyopata kuisikia, na nje wanaume walisifu. Ilisaga. Adhuhuri ilipoadhiniwa, Baba Rehema alimwachia kijana mmoja ailishe makopa, akaenda msikitini na wanaume. Mwanamke mmoja alinipa uji nikaushika tu. Nilikuwa naomba, siogopi kusema, nilikuwa naomba Mungu makopa yaishe kusagwa upesi. Kisha mapigo yakachelewa. Yakaja mazito, makavu, ya kukwaruza, sauti ile ile aliyoniigizia kwa koo, na mle ndani wanawake waliendelea kuongea, kwa sababu katika chumba kile ni mimi tu niliyejua kusikia. Nyumba tatu. Ningekimbia ningefika kabla ya arobaini. Nilihesabu. Nilikaa juu ya mkeka, kikombe cha uji mkononi, nikahesabu moja moja. Nilifika sabini na moja. Mlio mmoja wa chuma, kisha kimya, kisha mkanda ukapiga ukuta.

Mwenyekiti hakungoja hata arobaini ya marehemu. Mkutano uliitishwa Jumanne, mbele ya lile neno la rangi ya buluu, na kwa mara ya kwanza alikuwa na cha kuwaambia watu. Bwana wa duka alikuja akakaa kiti cha mbele kabisa. Nilisimama nyuma na wanawake. Mwenyekiti aliuliza, "Fundi, mashine ya wananchi imekufaje?" Baba Rehema alisimama. Alikuwa ameshafungua mfuniko, ameshaona maji yalikoishia, na jiwe lilikuwa mkononi mwake. Sijui kwa nini alikuja nalo, labda alikuwa amelisahau tu mkononi. Hakunitafuta kwa macho. Akasema, "Nilifanya haraka. Sikuangalia maji."

"Miaka yote hii hukusahau, umesahau leo?"

"Nimesahau leo."

Mtu akapiga kelele kwamba alikuwa anauza maji ya pipa kwa watu wa mjini. Mwingine akasema amelipwa aiue. Watu waliokuwa wakisifu nozeli Jumamosi waliyasema hayo Jumanne. Aligeuka akaweka lile jiwe chini taratibu karibu na ukuta, akaomba radhi kwa wananchi, akakabidhi spana zake, hata zile alizozitengeneza mwenyewe. Mimi nilikuwa na ulimi wangu mdomoni. Nilijiambia namlinda mama mdogo kaburini. Miaka mingi nilijiambia hivyo, na ni uongo. Nilijificha nyuma ya maiti.

Mashine mpya ililetwa kabla ya mvua. Ilikuwa nzuri, nyekundu, na mlango wake ulikuwa na kufuli. Haikutaka kopo la mtu. Ilipoharibika mara ya kwanza, mwenyewe aliifunga akasema fundi atatoka Dar es Salaam, na wanawake wakatwanga kwa mikono wiki tano. Nilimwambia msimamizi wake kwamba naijua, ni nozeli tu, anifungulie. Akanicheka. Hilo ndilo lililoniuma baadaye kuliko hata injini yenyewe: kijiji kile kilikuwa kimejifunza kwamba chuma kinafunguliwa, kwamba boksi la sabuni linaweza kuwa gasketi, na kikasahau kwa msimu mmoja. Injini ya viraka ilikaa nje mpaka majani yakaota ndani ya gurudumu lake, kisha ikauzwa chuma chakavu. Baba Rehema alihamia Masasi na mkewe na Rehema mdogo mgongoni, akaanza baiskeli. Hakugusa injini tena. Mimi nilirudi Chiungutwa, nikaolewa, nikahamia Mkomaindo, na nikaanza kufungua mashine za watu kwa yale yaliyokuwa mikononi mwangu, ambayo yote yalikuwa yake. Wateja wangu wa kwanza waliniambia wameelekezwa na mzee mmoja wa baiskeli. Aliwaambia, "Nendeni kwa yule mwanamke, ana sikio." Nilidhani ni sifa. Nilidhani, kwa upumbavu wangu, kwamba hakujua zaidi ya jiwe.

Jumatano nilipeleka ndoo sita. Zuhura alitaka kuniongezea nikakataa, sita zinatosha. Kwa Rehema uani walikuwa wamefunga pazia la mashuka, wanaume wa kuosha wako tayari, na kitanda kilionekana miguu tu. Nilitua maji. Rehema alinishika mkono akanivuta pembeni karibu na jiko, macho yamevimba.

"Mama Zuhura, baba alinipa maneno yako. Mwezi huu mzima alikuwa ananikumbusha, nikikataa anakasirika. Alisema nikuambie siku akifa, si kabla."

"Sema, mwanangu."

"Alisema maji yale ungemwomba angekuchotea mwenyewe. Alisema hilo hana neno nalo, ni maji ya maiti." Akajifuta macho. "Alisema anachotaka kujua ni kwa nini hukukimbia. Alisema sikio lako alilifundisha yeye, na nyumba zilikuwa tatu."

Hakuelewa anachoniambia, alinitazama akingoja nimweleze. Nyuma ya pazia mtu alisema bismillahi. Wanawake wakaniita ndani, wakanisogezea nafasi kwenye mkeka, nikakaa kati yao nikajifunika kanga yangu, nikasikiliza maji yakimiminwa, ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya sita.